Mtoto wangu aliitwa jamwa kwa matanga ya babu yake, je nimechelewa kumfundisha lugha?

Swali la msomaji wetu wa Nakuru, nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu habari yako. Mimi ni Mmaragoli nimeolewa Gem, kwa Wajaluo, na tunaishi Nakuru upande wa Free Area huu mwaka wa kumi na tatu. Tuko na watoto watatu, msichana wa miaka 11, kijana wa 8 na kadogo ka 4. Nyumbani ni Kiswahili, na Kingereza cha shule. Desemba tulienda ushago kumzika babu yao, tukafika asubuhi boma imejaa watu, msichana wangu akaenda straiti kwa mama mkwe akamwambia 'habari yako shosho'. Watu wakacheka, na jamaa mmoja akasema kwa sauti huyu ni jamwa, yaani si Mjaluo. Mtoto alilia usiku huo na sasa anasema harudi huko tena. Mama mkwe anasema nimempotezea wajukuu. Mimi mwenyewe Kijaluo nasikia lakini naongea cha kuvunja. Mume wangu hataki hii stori, anasema mambo ya lugha za kabila ndio yalituletea shida 2008 na Kiswahili kinatosha. Sasa niambie nimekosea wapi, nimechelewa ama bado, na kama ni kufundisha nianze na Kijaluo ama Kimaragoli?"

Dada yangu, mulembe, na pole sana kwa msiba. Umeuliza maswali matatu lakini nimesoma hii barua mara mbili na kila mara narudi kwa hiyo asubuhi ya matanga, hiyo salamu na hicho kicheko, kwa sababu naona majibu ya hayo maswali mengine yote yako hapo. Nimefundisha isimu hapa Kisumu zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya hapo nilikulia Luanda ya Vihiga, pale Wanyore, Waluhya wenzenu, na Wajaluo wanauziana nyanya kila siku, kwa hivyo hii kitu yako naijua kwa vitabu na naijua pia kwa maisha yangu.

Tuanze na neno moja ambalo sidhani kuna mtu aliliangalia siku hiyo. Shosho. Mtoto wako hakukosa heshima hata kidogo, Nakuru ukimwita mwanamke mzee shosho umempa heshima yake yote, mtoto wa Kaptembwo na wa Lanet na wa Bondeni wote wanasema hivyo bila kujali kabila. Lakini neno lenyewe lilitoka kwa Kikikuyu, kama vile ushago pia ilitoka huko, yakaingia Sheng na Kiswahili cha mtaa na sai ni yetu sote mpaka wewe mwenyewe umeandika ushago hapo juu bila kufikiria. Sasa hilo neno likifika Gem, kwa boma yenye imejaa watu wa matanga, halisikiki vile linasikika Free Area. Wao wanangoja "oyawore dani", habari ya asubuhi nyanya. Kenye walisikia ni mahali mtoto anaishi, ni umbali, na ukiongeza machungu ya kifo, mzee ameenda na yule angemrithi kwa jina na kwa maneno anaongea kama mtoto wa mahali pengine, basi hapo ndio kile kicheko kilitoka. Si kusema walifanya vizuri, nitafika hapo. Ni kukuonyesha tu kwamba salamu huku kwetu si kuulizana habari, ni kama kubisha hodi, mtu anasikiliza ni nani amebisha na anatoka upande gani, hayo maneno mengine yanakuja baadaye.

Na hilo neno jamwa nalo tuliangalie vizuri. Ni neno la Kijaluo la kumwita mtu ambaye si Mjaluo, hasa sisi majirani Waluhya na wengine wa Kibantu. Wewe nina uhakika wameshakuita nyar Maragoli mara mia kwa hiyo boma, na sidhani iliwahi kukuliza, kwa sababu nyar Maragoli inasema binti wa Maragoli aliye hapa kwetu, inakutaja kwenu na wakati huohuo inakupa kiti ndani ya nyumba. Jamwa haipei mtu kiti. Kumwita mtoto wa kijana wao jamwa mbele ya kaburi ya babu yake ni kumwambia damu yake haitoshi mpaka mdomo ukubali. Ndio maana alilia. Mtoto wa miaka 11 hajui kueleza hiyo kitu lakini aliisikia yote.

Nimesema mdomo makusudi. Kijaluo wenyewe wanakiita Dholuo, na dhok ni mdomo. Sisi Wanyore tunasema olulimi, ulimi huohuo wa Kiswahili. Na huku magharibi tuko na msemo mwingine ambao watu wa pwani wakiusikia wanashangaa, tunasema mtu "anasikia" Kijaluo, si lazima aongee, na wewe umetumia hilo neno kwa barua yako. Kusikia ni kuelewa. Nataka ulishike hilo neno kwa sababu ndio tutalitumia kwa watoto, yaani kwa miezi ya kwanza usiwatafutie kuongea, watafutie kusikia.

Nyanya yangu mzaa baba alikuwa anauza mboga soko la Luanda. Nikiwa mdogo nilikuwa namsaidia Jumamosi na kitu nilikuwa naona ni kwamba nyanya alikuwa na sauti mbili. Mteja akija kutoka upande wa Maseno ama Gem nyanya anamwambia oyawore, anamwita nyathina, mtoto wangu, hata kama ni mama mzima, anaongea Kijaluo chake ambacho sasa nikikumbuka kilikuwa na makosa mengi tu, na yule mama wa Gem naye anamjibu na Kinyore chenye kimevunjika vilevile. Hakuna mtu alikuwa anacheka mwingine. Kila mmoja alikuwa anatoka kwa mlango wake anakutana na mwenzake katikati ya barabara, na hapo katikati ndio bei ilikuwa inashuka. Mtu akija na Kiswahili kitupu nyanya alikuwa anamuuzia vizuri tu lakini hamwongezei kitu, ile nyongeza ya mwisho, kile kiganja cha mboga cha juu, kilikuwa cha yule amejaribu. Wataalamu wameandika mengi kuhusu hiyo tabia ya watu kusogeza lugha zao karibu na mwenzao wakitaka ukaribu na kuziondoa wakitaka umbali, mimi niliiona kwa gunia la tsisaga kabla sijajua iko na jina.

Hiyo ya kuondoa lugha nayo iko na mfano uliorekodiwa hukuhuku kwetu na kila mwaka nilikuwa nausoma na wanafunzi. Profesa Carol Myers-Scotton, Mmarekani, alifanya utafiti wake mwingi Kenya kuanzia miaka ya 1970, na kwa maandishi yake kuna maongezi ya baa moja huku magharibi. Mkulima Mwidakho, Mluhya pia, anamwomba mtu wa kwao aliye na kazi ya mshahara amsaidie na pesa, na anaomba kwa Kiidakho, njaa inaniua hapa. Yule wa mshahara anasikia kila neno, ni lugha ya mama yake, lakini anamjibu kwa Kiswahili, njaa gani? Mkulima anaendelea na Kiidakho, anajaribu kumkumbusha undugu, na yule anarudia tena na tena kwa Kiswahili njaa gani, mwisho anamwambia uko na shamba, na anaisema kwa Kingereza kwanza, halafu Kiswahili, halafu ndio Kiidakho. Neno ni lilelile. Lakini kila lugha ilifanya kazi yake, hizo mbili za kwanza zilijenga ukuta na ya tatu ikasema nimekusikia vizuri sana ndugu yangu na bado nakataa. Darasani wanafunzi walikuwa wanacheka kwa sababu kila mmoja ako na mjomba wa hivyo. Nimekuletea huo mfano kwa sababu mama mkwe wako akisikia Kiswahili kutoka kwa mjukuu anaweza kusikia huo ukuta, hata kama mtoto hakujenga kitu. Kwake yeye, mtu wa nyumbani akikujibu na Kiswahili anakukataa kitu. Mtoto hana hiyo historia, kwake Kiswahili ndio lugha ya kulala kwa mgongo wa mama. Kiswahili kimoja, masikio mawili.

Sasa mume wako. Nisikilize vizuri kwa sababu sitaki uende umwambie mwalimu amesema amekosea. Hajakosea yote. Sisi tuliokuwa hii upande ya nchi Januari 2008, wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, tunajua vile watu walisimamishwa barabarani wakaulizwa jina, wakaulizwa waongee, na ulimi wako ungeamua unapita ama hupiti. Mtu aliyekuwa Nakuru wiki hizo akisema anataka watoto wasiokuwa na lugha ya kuwatambulisha, huyo si mtu wa kuringa na Kingereza, huyo ni baba anaogopa, na woga wake uko na sababu. Hata Biblia iko na hiyo stori, Waamuzi 12, watu wa Efraimu wanaambiwa kwa vivuko vya Yordani semeni Shibolethi, wanasema Sibolethi kwa sababu hiyo sauti ya sh iliwashinda, na ndio hiyo, walikufa elfu 42. Kijaluo pia hakina sh, kila Mjaluo aliyewahi kuchekwa kwa kusema samba badala ya shamba anajua vile herufi moja inaweza kukutoa kwa kundi.

Lakini umuulize pole pole, ikiwa lugha za kabila ndio zinaleta vita, Rwanda je? Wahutu na Watutsi wote ni Kinyarwanda, lugha moja kabisa, wimbo mmoja, methali moja, na 1994 hiyo lugha moja haikuokoa mtu, ilitumika kwa redio kuwaita watu waue. Somalia nao ni karibu wote Kisomali. Kenye kinaua ni siasa ya nani ni wa hapa na nani si wa hapa, lugha inaokotwa tu kama jiwe linavyookotwa kwa sababu liko karibu. Na mtoto ambaye anasikia Kijaluo na Kimaragoli na Kiswahili cha Nakuru na vineno vya Kikikuyu vya majirani, huyo ni mgumu sana kumfanya achukie yeyote kati yao maana ameshakula kwao wote. Hayo ya mwisho ni maoni yangu, siwezi kukuletea hesabu yake, lakini nimeishi nayo Luanda na nimeiona.

Kiswahili nacho usikione kama adui ama kama kitu cha Nakuru tu, huku magharibi kimekuja zamani, Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya watu wa pwani wakati wa Nabongo, mfalme wa Wawanga, karne ya 19, na wako wazee wa hapo ambao Kiswahili ndio wamezaliwa nacho. Kwa nyumba ya Mmaragoli na Mjaluo ndani ya mji kama Nakuru, Kiswahili ndio meza ya kukalia nyote. Muendelee nacho. Tatizo si kwamba kiko, ni kwamba kimebaki peke yake.

Umeuliza umekosea wapi. Mimi naona wewe hukukosa sana, na sitasema hivyo kukufariji. Nikiwa primari kulikuwa na kipande cha mbao kimefungwa kamba, ukipatikana unaongea Kinyore unavalishwa shingoni na unakaa nacho mpaka upate mwingine anaongea umpe, na mwenye analala nacho asubuhi anachapwa. Tulikuwa tunawindana. Nilimtegea rafiki yangu wa karibu, nikamkanyaga mguu makusudi ndio apige kelele kwa lugha ya mama yake, na alipiga, nikamvisha. Niko na miaka zaidi ya hamsini sai na hiyo kitu bado inaniuma. Sasa kizazi chetu ndio kililea watu wa umri wako, ulitaka tuwape lugha kwa furaha aje na tulikuwa tumefundishwa ni aibu? Kuna utafiti maarufu sana wa Montreal, Kanada, mwaka wa 1960, Wallace Lambert na wenzake walichukua watu wanaojua Kifaransa na Kingereza sawasawa wakawarekodi wakisoma kwa lugha zote mbili, halafu wakawapea wasikilizaji bila kuwaambia ni watu walewale. Wasikilizaji wakasema yule wa Kingereza ana akili zaidi, ni wa kutegemewa zaidi. Na wasikilizaji wa Kifaransa wenyewe walisema hivyohivyo, kuhusu lugha yao wenyewe. Mtu anaweza kufundishwa kudharau sauti ya mama yake na asijue.

Lakini kuna upande wa pili wa hiyo aibu ambao hatuuongelei. Shule ilitucheka kwa kuongea lugha ya nyumbani, na nyumbani sasa wanatuchekea watoto kwa kuikosea. Nimeona hii mara nyingi, mtoto wa mjini anajaribu, anasema neno moja vibaya, shangazi anacheka mpaka anashika tumbo, anamwita jirani, rudia vile umesema, rudia, na wanarudishia hiyo stori kila Krismasi miaka mitano. Kwa huyo shangazi ni mapenzi, kwa mtoto ni kibao. Ukiniuliza nini inamaliza lugha zetu kwa haraka sai, mimi nitasema hicho kicheko kabla sijataja Kingereza. Mtoto akinyamaza leo akiwa na miaka 11, akiwa na 30 hatakuwa na kitu cha kumwambia wake.

Na lugha kuisha si lazima ipigwe marufuku. Angalia Wasuba wa Mfangano na Rusinga, hapo tu kwa ziwa. Lugha yao ni ya Kibantu, iko karibu na zetu kuliko na Kijaluo, lakini kupitia ndoa, soko, kanisa na shule watu wakaanza kuongea Kijaluo, kizazi kwa kizazi, mpaka leo Wasuba wengi ni Kijaluo tu wanaongea na wale wa Olusuba ni wachache na wengi wao wazee. Hakuna aliyewapiga. Ilikuwa tu kila mzazi, siku moja moja, akiona hii nyingine inasaidia zaidi. Nimeitaja pia ndio mama mkwe akikuambia umepotezea Wajaluo watoto ujue Kijaluo nacho kimewahi kumeza wengine, hakuna lugha kubwa ama ndogo kwa asili, inategemea umesimama wapi.

Sasa kuchelewa. Hapana. Kadogo ka miaka 4 hata hatukahesabu, hako kako sawa kabisa. Yule wa 8 bado masikio yake yako wazi. Yule wa 11 ndio unaogopa, lakini kuna utafiti wa California wa 2002, Terry Au na wenzake, waliangalia wanafunzi wa chuo ambao wakiwa watoto walisikia tu Kihispania kikiongewa karibu nao, hawakukiongea wenyewe. Walipokuja kusoma hiyo lugha wakiwa wakubwa matamshi yao yalikuwa karibu na ya wenyeji kuliko wale hawakuwahi kuisikia utotoni. Sarufi hawakuwa wameipata, matamshi ndio yalikuwa yamebaki. Kwa hivyo hizo simu unaongea na mama yako Mbale, hizo za mume wako na ndugu zake Jumapili, msichana wako amekuwa akizisikia miaka kumi na moja. Kuna kitu kiko hapo ndani, tunakiamsha tu. Zamani wakati wangu tungekuambia mtoto akipita miaka fulani mlango umefungwa, sai wengi hawasemi hivyo tena, ni ngumu zaidi ndio lakini si kufungwa.

Lugha gani? Usifundishe lugha, tafadhali. Usinunue daftari. Mtoto hashiki lugha kwa sababu ni nzuri, anaishika kwa sababu kuna mtu anamtaka na huyo mtu anapatikana kwa hiyo lugha tu. Nyuzilandi Wamaori walipoona lugha yao inaenda, 1982 walianzisha kitu wanaita kohanga reo, kiota cha lugha, wakachukua watoto wadogo na wazee wanaojua lugha wakawaweka pamoja, wale wazee wanaongea Kimaori tu, wanapika, wanaimba, wanawafunga viatu. Hiyo ndio kazi ya nyanya hata bila serikali. Kwa hivyo jibu langu ni gawanyeni kwa watu. Wewe kwa kadogo ka miaka 4, ongea Kimaragoli, hasa kwa vitu vya mwili, kuoga, kula, kulala, kukemea, maana ndio lugha inakutoka ukiwa umechoka na hauigizi. Mama yako asiongee Kiswahili na hao watoto kwa simu hata kidogo, mwambie hivyo kabisa, yeye ni guku, nyanya yao, na guku anaongea Kimaragoli. Na mboga upike ukizitaja kwa majina yote, hii ni mrenda na kwa dani ni apoth, hii sagaa ni dek kwa baba na tsisaga kwetu, managu ni osuga. Watoto wanapenda kujua kitu kimoja kiko na majina matatu, na kwa sahani ya ugali hakuna anayeona ni somo. Redio pia iwashwe tu, Ramogi FM mume akiwa nyumbani, Mulembe FM ukiwa wewe, Mulembe wanachanganya Kiluhya cha kila upande kwa hivyo Kimaragoli chako utakisikia mara moja moja lakini sikio linazoea.

Shule usiitegemee kwa hii. Sera iko, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 ilisemwa madarasa ya chini yatumie lugha ya eneo, na Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema serikali italinda lugha zote za Wakenya, lakini Nakuru ni mji wa kila mtu na lugha ya eneo hapo inakuwa Kiswahili. Ni sawa. Mwalimu wa watoto 60 wa makabila kumi angefanya nini.

Lakini kwa yule msichana, na hapa nabadilisha, anza na Kijaluo. Kwa sababu mlango uliofungwa kwake ni wa Gem, si wa Maragoli, na mtu unamtibu pahali ameumia. Na uanze naye wewe mwenyewe, hicho Kijaluo chako cha kuvunja ndio dawa. Mwambie mimi pia wananicheka, njoo tujifunze sisi wawili. Akikuona mama yake anakosea mbele ya watu na anaendelea kuongea, hiyo ni kubwa kuliko maneno mia moja ya kukariri. Muanze na kidogo sana, oyawore ya asubuhi na oimore ya jioni, erokamano ya kushukuru, donji ya kumwambia mtu aingie, vile mtu anaitwa kula, bi ichiem. Halafu jina lake. Kama alipewa jina la Kijaluo mueleze linatoka wapi, nani alizaliwa usiku na nani alizaliwa jua likiwaka, watoto wengi wa mjini wanabeba Atieno ama Achieng kama nambari ya simu hawajui wameambiwa nini.

Kuna mambo ya hiyo boma ambayo hayatafsiriki na sitakudanganya, pakruok kwa mfano, ile ya kujisifu na kusifu wengine kwa mafumbo kwenye sherehe, huwezi kukaa hapo na Kiswahili ukacheka wakati watu wanacheka. Hiyo itachukua miaka, pengine asiifikie. Sisi tulio nje ya Kijaluo pia tunakaa tukitabasamu tu. Lakini kati ya oyawore na pakruok kuna nyumba kubwa sana ya kuishi.

Mambo mawili ni ya mume na si yako. Moja, ile kicheko. Wewe kama mke wa hiyo boma huwezi simama ukemee shemeji zako kwa ajili ya mtoto, utaonekana unaleta Umaragoli wako, lakini yeye anaweza, na anafaa apige simu kabla hamjarudi aongee na ndugu zake kwa Kijaluo kizito kabisa awaambie mtoto wake asiitwe jamwa tena. Sio kwa WhatsApp ya familia, kwa simu, mmoja mmoja, na yule aliyesema hilo neno wa kwanza. Ya pili ni kuwapeleka watoto huko wakati hakuna mtu amekufa. Nimeona familia nyingi za mjini ambazo watoto wanajua ushago kama mahali pa jeneza na watu wengi, unategemea wapende lugha ya mahali kama hapo aje? Likizo ya Aprili ama Agosti, wiki mbili, kwa dani peke yake, na yule binamu anayejua Kingereza vizuri asiwe karibu sana maana atatafsiri kila kitu na kazi itakuwa bure. Asubuhi wakichota maji, wakifukuza kuku, dani anasema kel pi, mtoto anaangalia mkono wa dani unaonyesha wapi, analeta maji. Hapo ameshaanza kusikia.

Na kabla ya hiyo safari, kama hataki kuongea na simu sasa hivi, msichukue simu mumlazimishe. Mpe simu yako jioni moja akiwa peke yake arekodi sauti kwa WhatsApp amtumie dani, asalimie tu, aseme yeye ni nani, nyakwaro, mjukuu, wa mzee aliyeenda, maneno manne matano. Dani atasikiliza mara ngapi sijui. Na wewe hata ukisikia amekosea, usimsahihishie kabla haijaenda.